Rangi ya mdomo ya zingefuri: itasimama kwa joto la Tanga?

BintiMikanjuni

Assalaam aleykum wote, na shikamooni wakubwa.

Naomba mwenye ujuzi anielekeze kutengeneza rangi ya mdomo nyumbani. Nataka ya kijiti, ya kuzungusha ikapanda kama lipstiki ya dukani. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaolewa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, hapa hapa Tanga, na midomo yake haitaki kitu. Akipaka lipstiki ya dukani, kesho yake inawasha na kutoa magamba. Mwenyewe anasema atajipaka mafuta tu basi. Sisi tunaomshughulikia tumekataa, bibi harusi gani anatolewa ukumbini na midomo mikavu kama anayekwenda shamba?

Vifaa sikosi. Mjomba wangu anaishi Amani, kaniletea mfuko wa zingefuri, zile mbegu za kutolea rangi, bado zimo kwenye makaka yake yenye manyoya. Nina masega ya asali ya Handeni yaliyokwisha kukamuliwa. Mafuta ya nazi tunapika wenyewe nyumbani, na ya nyonyo nimenunua chupa pale sokoni Mgandini.

Kilichonishinda ni maelekezo. Video zote nilizoangalia zinapingana, na wengi wa wanaozitoa wako nchi za baridi. Wanatia siagi ya kakao, wanatia siagi ya shea, wanamimina, halafu wanasema acha mezani igande. Hapa kwetu mezani kinaganda nini saa nane mchana? Kuna anayekamua bitiruti, kuna anayechemsha choya (rozela), mwingine anakoroga rangi ya keki. Sijamwona hata mmoja mwenye zingefuri na nta ya masega.

Kwa hiyo naomba kujua, rangi ya zingefuri inatolewaje hadi iingie kwenye mafuta? Nta iwe kiasi gani ili kijiti kisimame ndani ya pochi, ndani ya bajaji, jua la Tanga likiwaka? Na kitakaa muda gani kabla hakijaharibika? Habari za "kijiko cha hiki na kiasi cha kile" zimenichosha. Mwenye vipimo vya gramu atakuwa amenisaidia sana.

Shoga_wa_Chuda

Bibi wee, unajitesa na mbegu za nini? Bitiruti zinashuka kutoka Lushoto zimejaa sokoni. Paruza moja, kamua, maji yake changanya na mafuta ya nazi na kijiko cha asali, tia kwenye friji. Kabla ya kupaka sugua midomo kwa limau na sukari, ngozi iliyokufa yote inatoka. Mie nimepaka kwenye harusi ya jirani, watu wakaniuliza nimenunua wapi.

Kahawa_Chungu

Mabibi zetu walihangaika na vijiti lini? Jani la tambuu, popoo, chokaa, katu kidogo, unatafuna barazani, mdomo mwekundu mpaka magharibi. Na mabwana walikuwa hawalalamiki. Haya ya gramu mmeyatoa wapi?

MamaWaSingo

Marahaba mwanangu, wa aleykum salaam.

Mimi kazi yangu ni kupamba maharusi, niko Ngamiani, miaka mingi sasa. Singo nasaga mwenyewe, udi napika mwenyewe, na rangi ya mdomo ya zingefuri nawatengenezea wale maharusi ambao ngozi zao ni kama ya huyo dada yako. Nitakueleza ninavyofanya. Lakini kwanza niwaondoe njiani hawa wawili waliotangulia.

Shoga wa Chuda, sikukatalii kwamba uliulizwa umenunua wapi. Bitiruti inapaka, tena inapendeza, kwa muda mfupi. Ila rangi yake inakaa kwenye maji, na lipstiki ni mafuta na nta. Koroga maji ya bitiruti na mafuta ya nazi, geuka uitikie hodi, ukirudi yameshaachana, wekundu uko chini na mafuta yako juu hayana habari. Ndiyo maana kwenye video mtu anapaka papo hapo, kikopo cha kesho yake hakuonyeshi. Choya ni mambo hayo hayo. Rangi ya keki ya unga inabaki punjepunje, ukipaka unapata mistari. Asali nayo haichanganyiki na mafuta, inazama. Halafu ukishaingiza maji umeshakaribisha ukungu, friji inauchelewesha tu.

Na limau, tafadhali, lisimguse bibi harusi. Limau likibaki kwenye ngozi, jua likapiga juu yake, ngozi inaweza kuungua na kuacha madoa meusi yasiyotoka upesi. Nimewahi kuletewa binti wa hivyo wiki ya harusi yake, tukabaki kufukia kwa poda.

Kahawa Chungu, tambuu tunaijua, hata bibi yangu alikuwa na kijaluba chake. Lakini popoo Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema inaleta saratani ya kinywa, hata ikitafunwa bila tumbaku. Wewe kunywa kahawa yako.

Sasa mwanangu, zingefuri. Hii ndiyo rangi inayofaa kazi hii kwa sababu yenyewe inakubali mafuta. Viwandani wanatilia siagi na jibini, kwenye pakiti utaikuta imeandikwa E160b. Wenzetu wa Kwale, ukivuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya, wanaulima mti wenyewe kwa biashara na wanauita mrangi. Unguja wanaotembeza wageni mashamba ya viungo hupasua kaka na kuwapaka wageni midomoni, wanacheka, wanapigwa picha. Ile ni mbichi. Mbichi ina maji, na wewe unataka kitu kikae.

Pasua makaka, toa mbegu, zitandaze kwenye ungo, zikauke kivulini. Nimesema kivulini kwa sababu jua linaila rangi hiyo. Ziache hadi ukizisugua kiganjani zinatoa vumbi jekundu, si utelezi. Usizisage. Rangi imo kwenye ngozi ya juu peke yake, ndani ni kiini kigumu, ukikisaga umejitilia mchanga kwenye lipstiki.

Mafuta ya kutolea rangi changanya nyonyo vipimo viwili na nazi kipimo kimoja. Nyonyo ndiyo inayobeba kazi: ni nzito, inang'aa, inashika mdomoni isitiririke. Iangalie chupa yako ya Mgandini. Ukiiinamisha, mafuta yashuke polepole na kwa uzito. Yakikimbia upesi sawa na ya alizeti, ujue yamechanganywa, yarudishe. Ya nazi ya kupika nyumbani ni mazuri na harufu yake naipenda, lakini mara nyingi yanabaki na maji kidogo na shata. Yapashe kwanza peke yake mpaka yaache kutatarika, yaache yatulie, chota ya juu.

Mbegu nusu kikombe kwa mafuta kikombe kimoja. Tia kwenye bakuli la kioo linalostahimili moto, liweke juu ya sufuria yenye maji yanayofukuta taratibu. Moto usiguse bakuli. Wanaokaanga mbegu moja kwa moja jikoni wanapata mafuta ya kahawia yenye harufu ya kuungua, halafu wanasema zingefuri haina rangi. Mbegu zikiwa ndani ya mafuta ya moto, zibane ubavuni mwa bakuli kwa mgongo wa kijiko cha mbao na uzisugue. Usichoke. Kuloweka peke yake kunatoa rangi ya chai ya mgonjwa, kusugua ndiko kunakoivua ile ngozi. Nusu saa si nyingi. Zilaze humo usiku, asubuhi pasha tena, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokauka kabisa na ukamue. Kifumbu cha tui usikilete hapa, hata ukioshe vipi kina maji na mabaki ya nazi ndani ya mianya.

Vipimo ulivyotaka. Tafuta ile mizani ndogo ya betri ya kupimia gramu, au kaombe kwa sonara. Kwa gramu 30, ambazo ni vijiti saba hivi, tia nta gramu 9 na mafuta yako yaliyochujwa gramu 21. Hakuna kingine. Ukitaka cha kikopo cha kuchovya kidole, nta gramu 6 na mafuta 24.

Hao wa video wana nta kidogo na siagi nyingi, na kwao inawafaa. Siagi ya kakao huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Pochi ndani ya bajaji mwezi wa Februari inafika huko bila taabu. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 tu, ndiyo maana chupa unaikuta imeganda asubuhi za Julai, kaskazi ikivuma haigandi ng'o. Nta ya nyuki inangoja hadi nyuzi 62 au zaidi. Kwa hiyo ugumu wote wa kijiti chako unatoka kwenye nta, na ukiibania kijiti kitakuinamia mbele za watu.

Yeyusha nta ndani ya mafuta kwa njia ile ile ya bakuli juu ya maji, mvuke usidondokee ndani. Dondosha tone kwenye sahani, lipoe, lijaribu kwa kidole. Laini mno, ongeza nta gramu moja. Linakwaruza mdomo, ongeza mafuta kidogo. Vibomba vya lipstiki vipanguse kwa spiriti, vikauke, ndipo umimine. Itakapoanza kuganda itabonyea katikati, jazia, kisha peleka kwenye friji mara moja, usingoje mezani.

Usitie mafuta ya mdalasini wala ya karafuu. Najua kwa mjomba Amani hayako mbali. Kwenye midomo yanachoma, mdalasini ndio mbaya zaidi, na wako ni mgonjwa wa midomo tayari.

Sasa sikiliza hili, kwa maana ndilo lililonifanya niandike marefu. Unadhani tatizo la dada yako ni "kemikali za dukani". Pengine. Lakini nyonyo na nta ya nyuki vimo kwenye lipstiki nyingi za dukani vilevile, na wako watu ambao kinachowadhuru ni nyonyo hiyo hiyo, au nta hiyo hiyo. Ukimtengenezea kijiti cha nyonyo na nta bila kumjaribu, unaweza kumpa ugonjwa ule ule kwa mkono wako, tena ukisema ni cha asili. Mjaribu kimoja kimoja. Nyonyo peke yake ndani ya kiwiko, aache siku mbili, asioshe hapo. Kisha mafuta ya zingefuri. Kisha nta iliyolainishwa kwa nazi. Kikimwasha kimoja umempata mwizi. Ikiwa ni nyonyo, tumia ya ufuta mahali pake, haitang'aa wala haitakuwa nzito kama ya nyonyo, basi nta ipande iwe gramu 10. Na nyonyo na nta vikimwasha vyote viwili, mpeleke kwa daktari wa ngozi hospitali ya Bombo, mimi na wewe hatumwezi.

Fanya mapema. Wanaokuja kuniita usiku wa kuamkia harusi huwa nawapa maji ya kunywa, ushauri sina.

Mrina_Handeni

Naongezea upande wa nta, maana kazi yangu ni mizinga.

Binti, tazama masega yako. Yale meupe au ya manjano, yaliyowekewa asali tu, ndiyo yenye nta safi. Yale meusi yaliyolelewa majana, yaani watoto wa nyuki, nta yake ni kidogo na ina harufu nzito, nyingi itabaki kwenye makapi. Tenganisha.

Loweka kwanza kwenye maji ya baridi, asali iliyobaki itoke. Kisha tia masega kwenye mfuko wa kitambaa, funga, zamisha kwenye sufuria ya maji na jiwe juu yake. Moto mdogo. Nta itapenya na kupanda juu, uchafu utabaki mfukoni. Funika, acha ipoe yenyewe polepole hadi asubuhi, utakuta sahani ya nta imeelea. Chini yake kuna tope, likwangue kwa kisu. Rudia mpaka tope liishe. Mara ya mwisho iyeyushe bila maji ndani yake, bakuli juu ya sufuria kama alivyosema mama hapo juu, uchuje, ili isibakie na tone la maji.

Usiyeyushe nta moja kwa moja juu ya mkaa, inashika moto kama mafuta ya taa, na ikishika usimwagie maji, funika. Sufuria ya chuma inaifanya nta iwe nyeusi. Na sufuria utakayotumia agana nayo jikoni, haitatoka nta hata ukisugua na majivu.

Kwa wasio na masega wanaonunua nta sokoni: wako wanaochanganya na mishumaa. Vunja kipande. Nta ya kweli ndani ina punjepunje na haing'ai, na ukiifinyanga mkononi inalainika na kushikana. Rangi ya manjano peke yake isikudanganye.

BintiMikanjuni

Mama, Mwenyezi Mungu akuzidishie, na kaka wa Handeni pia. Nilikuwa sijawaza kabisa kwamba nyonyo yenyewe inaweza kuwa ndiyo mkosaji. Dada nimempaka kimoja kimoja kama ulivyosema, nyonyo haikumfanya kitu, zingefuri haikumfanya kitu, nta vilevile. Tumemshukuru Mungu.

Kijiti kimetoka na kimesimama. Nimekiacha makusudi ndani ya pochi mchana kutwa, hakikuinama. Ila rangi ni ya chungwa! Dada anataka nyekundu ya kiharusi. Rafiki yangu ananishauri kutia ile oksaidi nyekundu ya duka la vifaa vya ujenzi, anasema ni udongo tu, tena asili. Mwingine anasema nitie wanja wa manga kidogo rangi ikolee. Na mama mkubwa anauliza habari ya udhu, maana bibi harusi atapakwa alasiri na swala zinafuata.

MamaWaSingo

Oksaidi ya sakafu usithubutu. Ile imetengenezwa kwa ajili ya kutia rangi saruji, hakuna aliyeiondolea risasi wala aseniki, madini ya sumu, kwa sababu hakuna aliyefikiri utailamba. Na lipstiki mtu anaila, usidanganyike, inakwenda na chai na inakwenda na pilau. Wanja wa manga ndio kabisa, ule wa jiwe mara nyingi ni madini ya risasi yaliyosagwa. Huyo rafiki yako anayesema "asili" mwambie na risasi inachimbwa ardhini.

Iko oksidi ya chuma nyekundu ya vipodozi. Inaandikwa CI 77491. Ni wekundu ule ule wa kutu, ila inatengenezwa na kupimwa kwa ajili ya ngozi. Dar wanaouza malighafi za sabuni na losheni wanayo, agiza kwa mtu unayemwamini na uone maandishi kwenye pakiti. Kwa gramu 30 za lipstiki anza na gramu moja. Usiitupie kwenye bakuli hivi hivi. Iponde kwanza kwenye sahani na matone ya nyonyo, kwa mgongo wa kijiko, hadi usione chembe, ndipo uikorogee kwenye mchanganyiko wa moto. Ukiona nyingine imeandikwa CI 75470, hiyo ni nyekundu nzuri kuliko zote lakini inatokana na wadudu wanaoishi kwenye dungusi kakati, wanakaushwa na kusagwa. Wako wasioitaka kwa ajili ya dini. Waulize wenyewe kabla hujanunua.

Lakini kabla hujatuma hela Dar, umempaka? Au umeiangalia kwenye kijiti? Zingefuri kwenye sahani nyeupe ni chungwa. Kwenye midomo yetu yenye weusi wake inashuka, inakuwa rangi ya tofali. Mpake mara ya kwanza, abane tishu, mpake tena, umtazame kwenye mwanga wa nje, si chini ya taa ya chumbani. Mimi maharusi wangu wengi wanakuja wakitaka nyekundu ya kwenye picha na wanaondoka na zingefuri tupu. Kwa rinda la kijani au la dhahabu, sioni kinachoishinda.

Udhu: nta na mafuta ni gamba, maji hayafiki kwenye ngozi, kwa hiyo lazima itoke kabla ya kutawadha. Pamba yenye mafuta ya nazi kwanza, kisha sabuni na maji. Wekundu kidogo ukibaki ndani ya ngozi baada ya hapo, huo ni kama hina, hauna mwili wa kuzuia maji. Mwenye wasiwasi amuulize mwalimu wake. Mimi ninachofanya ni kirahisi, bibi harusi namsalisha Isha kwanza, ndipo nashika midomo. Mwambieni mama mkubwa apange saa za ukumbini na mwenye ukumbi, hilo lenu.

Dada_wa_Pongwe

Nimesoma yote nikaanza kufikiria biashara. Vijiti saba kwa gramu 30, malighafi zote ziko mkoani. Kuna ubaya nikitengeneza na kuuza kwa wenzangu hapa mtaani?

Fundi_Sabuni

Dada wa Pongwe, kujipaka na kumpaka ndugu yako ni jambo lako. Ukishauza, ni kipodozi, na vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, Shirika la Viwango. Zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, usipoteze muda kuwatafuta. Anzia ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa Tanga, wana mafunzo ya usindikaji na wanakuelekeza jinsi ya kuifikia TBS ukiwa mjasiriamali mdogo. Mimi sabuni zangu zilipita njia hiyo.

Watakachokusumbua nacho ni chumba. Hawataki kazi ifanyike pale pale unapokaangia samaki. Kwenye lebo andika vyote vilivyomo, tarehe ya kutengeneza na ya mwisho wa matumizi, na nambari ya mchanganyiko, ili siku mmoja akilalamika ujue ni bakuli lipi. Usiandike "inatibu midomo". Ukiandika inatibu umeingia kwenye mambo ya dawa, na hao ni watu wengine.

BintiMikanjuni

Mama ulisema kweli. Mdomoni imekuwa tofali kabisa, dada kajiangalia kwenye kioo akanyamaza, halafu akasema Dar hatuagizi. Mama mkubwa naye kapaka. Swali la mwisho, nimebaki na mafuta ya zingefuri nusu chupa na vijiti viwili vya ziada. Vitakaa?

MamaWaSingo

Mafuta yatie kwenye chupa ya rangi nyeusi au uifunge karatasi, weka kabatini. Mwanga ukiyapata yatapauka kabla hayajaharibika. Kwa kuwa hayana maji, miezi sita hayana neno, baadaye nusa. Ukisikia harufu ya nazi iliyochacha, mwaga, usijaribu kuificha kwa asumini.

Vijiti vya ziada vigawe, lakini cha bibi harusi kiwe chake peke yake. Najua siku hiyo mashangazi wote watakuja kukiomba "nijishike kidogo tu". Yeyusha kimoja ukimimine kwenye kikopo, uweke na vijiti vya pamba pembeni, wachote humo.